Hujabadili Nia?

Uchaguzi ulikuwa huru, wa haki na wa kisasa. Maneno hayo aliyasema Godson kabla hata kura ya kwanza haijapigwa, na mtu anayeijua haki mapema kiasi hicho ni wa kuheshimiwa au wa kuchungwa. Mzee Methodi, aliyekuwa amekaa kiti cha tatu kutoka dirishani, aliamua kumchunga.

Haukuwa uchaguzi wa rais. Ilikuwa ibada tu. Kila Jumapili saa nane mchana, katika ukumbi wa kukodi pale Quakers Hill, Sydney, Watanzania, Wakongo na Wakenya wawili watatu walikutana kumwomba Mungu kwa Kiswahili. Sasa kamati ilitaka ibada ile ifutwe, watu wote wahamie ya Kiingereza, saa nne asubuhi. Lakini kamati haikusema "ifutwe". Wakubwa siku hizi hawafuti kitu, wanaunganisha tu. Kule ghalani alikofanya kazi Methodi, karibu na bandari ya Port Botany, wakubwa waliunganisha shifti mbili, na watu kumi na wanne wakaunganishwa na barabara.

Ibada ile aliianzisha mkewe, Tumpe, sebuleni kwao Doonside, na watu watano na sahani moja ya biskuti. Tumpe alikuwa nesi. Viza ya ujuzi ilikuwa yake. Methodi aliambatanishwa nayo kama begi la mkononi. Shule yake yeye iliishia darasa la nne huko Tukuyu, kwa hiyo mkewe ndiye aliyemsomea barua, fomu na vikaratasi vya dawa. Miaka miwili iliyopita Tumpe alishikwa na maumivu ya kifua, wakaenda hospitali moja kubwa yenye vioo vingi. Mashine ikasema moyo uko salama. Hakuna aliyepima mara ya pili, maana mashine ilikuwa mpya. Wakamrudisha nyumbani Jumatatu, Alhamisi akawa marehemu. Wakubwa wa hospitali waliandika barua ya masikitiko, kurasa mbili nzima, na ndiyo barua ya kwanza Methodi kuipokea akiwa hana wa kumsomea.

Binti yao, Vicky, alihamia Perth. Jumapili asubuhi hupiga simu, baba akisema Kiswahili, binti akijibu Kiingereza, kama watu wawili wanaocheza mpira kila mmoja na mpira wake. Ghalani napo ni Kiingereza na matusi. Kwa hiyo katika wiki nzima Methodi alibakiwa na saa mbili tu za lugha yake, zile alizoachiwa na Tumpe, na hizo ndizo kamati ilizoziweka mezani zipigiwe kura.

Godson alisimama mbele. Mwenyekiti wa kamati, kijana wa kompyuta, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likaogopa kujikunja.

"Wapendwa," alisema, "mikono hatunyooshi tena, watu wanaoneana haya. Karatasi nazo zinapotea. Leo tunatumia hiki." Akainua kioo cheusi, upana wa kitabu cha nyimbo. "Kishikwambi."

Mama Généreuse, mama wa Bukavu anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea huko Blacktown, alimwinamia Methodi. "Kishi-nini, Papa Methodi? Iko inauma?"

"Subiri, tutajua."

Godson akaeleza. Unachagua lugha, Kiingereza au Kiswahili. Unachagua upande, kubaki au kuunganisha. Kioo kinakuuliza swali moja dogo la kuhakikisha, unajibu, umemaliza. Siri tupu.

"Na haikosei?" Methodi aliuliza.

"Mzee wangu, mashine haikosei. Anayekosea ni binadamu."

"Aliyeitengeneza nani?"

"Programu? Nimetengeneza mimi."

"Ahaa," alisema Methodi, akakaa.

Mchungaji Akilimali aliomba, maana kazi yake katika kamati ilikuwa kuombea mambo ambayo wengine wamekwisha kuyaamua. Watu sabini na wanne waliokuwa wamejiandikisha mlangoni wakapanga foleni. Nje mvua ilikuwa inapiga, na wengi walikuwa wametoka mbali kwa treni wakiwa wamebeba masufuria magotini, kwa sababu mtu mweusi hatakwenda kupiga kura mahali ambapo hapana chakula.

Zamu ya Methodi ikafika. Akachagua Kiswahili. Akabonyeza IBADA IBAKI, polepole, kwa kidole kilichozoea kubonyeza vidude vikubwa vya foklifti. Kioo kikamwuliza: HUJABADILI NIA?

Methodi alicheka puani. Abadili nia, yeye? Akabonyeza NDIYO, kile kitufe cha kijani, kwa nguvu ya kumfanya Godson ageuke kuangalia kama kioo kizima. Kikaandika ASANTE. Methodi akarudi kitini kwake ametulia, kama mtu aliyefunga mlango na kuvuta kitasa kuhakikisha.

Matokeo yalitoka kabla Mama Généreuse hajafunua sufuria lake la pondu, kisamvu cha Kikongo.

"Kuunganisha, ishirini na tisa," alisoma Godson. "Kubaki, kumi na nne. Mungu ni mwema."

"Wakati wote," wakaitikia wachache, kwa mazoea.

Methodi hakuitikia. Alikuwa anahesabu. Darasa la nne linatosha kujumlisha ishirini na tisa na kumi na nne. Akasimama.

"Godson mwanangu, hizo ni arobaini na tatu. Tuko sabini na wanne. Wengine umewala?"

Watu wakacheka. Godson naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyelijua swali kabla. "Hapana, mzee. Thelathini na moja walibadili nia dakika ya mwisho, wakaondoa kura zao. Sistimu inawaruhusu. Ni haki yao."

"Thelathini na moja."

"Ndivyo inavyosema."

"Watu thelathini na moja wametoka Doonside, wametoka Mount Druitt, wamelowa, wamesimama foleni, wamechagua, halafu wote wakaghairi. Na hakuna hata mmoja aliyemnong'oneza jirani yake."

"Kura ni siri, mzee."

"Ni siri kweli. Hata mwenyewe aliyepiga hajui."

Mchungaji Akilimali aliona upepo unageuka, akanyanyua mkono. "Ndugu Godson, tafadhali, kwa ajili ya amani, hesabu tena."

"No worries." Godson akagusa kioo mara moja. Hata kupepesa jicho hakukupita. "Ishirini na tisa. Kumi na nne. Thelathini na moja walioghairi. Imehesabu upya, imerudi vilevile."

"Hiyo haikuhesabu upya," alisema Methodi. "Imesema upya. Mwongo ukimwuliza mara mbili atakwambia lilelile, tena safari hii bila kuumauma maneno."

"Mzee, unaniita mwongo?"

"Nimesema mashine. Au mna undugu?"

Hapo wengine wakaguna, na Godson akatamka kwa upole kwamba wazee wetu tunawapenda ila teknolojia inahitaji subira. Methodi alijua maana ya upole huo. Ni ule ule wa daktari aliyemwambia Tumpe akapumzike. Alikaa, lakini si kwa kukubali.

Akawa anawaza kazini. Kule ghalani skana inasoma boksi, titi, titi, titi, halafu kioo kinaandika mia mbili. Skana ni ya bei mbaya, na wakubwa wanaipenda kuliko watu. Lakini lori halitoki getini mpaka mtu mwenye mguu na kidole azunguke mzigo na chaki, ahesabu moja moja. Yakija mia moja tisini na nane, hakuna anayeuliza kati ya mtu na skana nani amesoma. Wanashusha, wanahesabu tena. Wakubwa wale wale wanaomwambia mtu mashine haikosei, kwa mali yao wenyewe hawaiamini hata hatua kumi.

Chai ikaanza kumiminwa. Methodi akamfuata Mama Généreuse mezani.

"Mama, nikuulize, na usikasirike. Wewe ulibadili nia?"

Mama Généreuse aliacha kijiko ndani ya sufuria. "Miye? Miye nibadilishe? Vraiment, kweli, Papa Methodi, unanijua miye."

"Ulichagua lugha gani?"

"Kiswahili. Kingereza yangu ni ya kuosha wazee, haiko ya kupiga kura."

"Na lile swali la mwisho, mashine ilikuulizaje? Sema kama ilivyosema."

"Iliniuliza hujabadili nia. Nikasema ndiyo, sijabadili. Nikafinya ile ya kijani."

"Hata mimi," alisema Methodi.

Alisimama pale na kikombe mkononi, chai ikipoa. Kitu kilimgusa ila hakukipata mkia. Kando ya meza, mtoto wa Mama Généreuse aitwaye Christian, miaka ishirini, alikuwa anashambulia sambusa. Methodi akamwuliza yeye alifinya nini.

"I pressed No, uncle."

"No? Kwa nini no? Ulighairi?"

Christian alimtazama kwa huruma ya vijana. Yeye alichagua Kiingereza, akaeleza kwa Kiingereza. Kioo kilimwuliza kama amebadili nia. Hakubadili. Kwa hiyo, no.

Hapo Methodi akaushika mkia.

Hakupiga kelele. Alizunguka ukumbi na kikombe chake kama mtu anayetafuta sukari, akiuliza mmoja baada ya mmoja. Fundi bomba wa Kigoma: Kiswahili, ndiyo. Mama Chepkoech wa Eldoret: Kiswahili, ndiyo, na ameona ajabu kuulizwa. Mzee Déo: Kiswahili, ndiyo, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kidole kiliteleza. Vijana wote: Kiingereza, no. Alipofika mtu wa kumi na mbili aliacha, maana mzigo ulikuwa umejihesabu wenyewe. Kila aliyepiga kura kwa Kiswahili, kura yake ilikwenda shimoni. Kiswahili kilikuwa kimeshindwa kwa kosa la kuwa Kiswahili.

Mbele, Mchungaji Akilimali alikuwa na simu mkononi, akimwandikia mwenye ukumbi kwamba mchana wa Jumapili hawautaki tena. Darasa la karate lilikuwa linaungoja. Godson alikuwa ameinama, anakunja waya wa spika.

Methodi alichukua kikombe kipya, akakijaza chai ya maziwa yenye tangawizi, akaenda nacho mpaka mbele. Kijana huyu ana miaka kumi na mitano Sydney, na haijulikani Australia imekula kiasi gani cha ulimi wake. Akijibu kizungu, kwisha habari.

"Godson, mwanangu," alisema, kwa sauti ya baba kabisa, lakini ya kusikika hadi mlangoni. "Tangu saa nane unahangaika na watu. Hujanywa chai?"

"Ndiyo, mzee," alisema Godson, bado ameinama. "Asante sana." Akanyoosha mkono.

Methodi hakumpa.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, sijanywa."

Methodi akageukia watu. "Mmemsikia. Amesema ndiyo, na maana yake hajanywa." Kisha akamkabidhi Mama Généreuse kikombe. "Mama, mnyime. Kwa mashine yake, huyu amekwisha kunywa."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Chepkoech, kule nyuma. Waliokuwa wameulizwa wakaelewa, wakawaelewesha majirani, na kicheko kikatembea safu kwa safu kikielekea mbele. Kilipofika kwa Godson hakikumkuta anacheka. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka unangoja kikombe. Akaurudisha taratibu, akachukua kishikwambi, akakifungua, akasoma kitu, akakisoma tena.

"Kiingereza kinauliza 'umebadili nia'," alisema, kama anajisemea. "Kwenye Kiswahili nikaona 'umebadili nia' inasikika kama polisi. Nikalainisha."

"Ulilainisha mpaka ikateleza," alisema Methodi.

"Vitufe sikugeuza. Ndiyo ni yes, na yes inaondoa kura." Alikuwa amekuwa mdogo ghafla ndani ya lile shati. "Mzee, sikukusudia."

"Najua. Hakuna mkubwa anayekusudia. Hata mke wangu waliomrudisha nyumbani hawakukusudia."

Kicheko kiliisha hapo. Methodi mwenyewe hakuwa amepanga kulisema lile, lilimtoka. Akakohoa, akamgeukia mchungaji, ambaye alikuwa bado ameishika simu kama kaa la moto.

"Mchungaji, huo ujumbe wa ukumbi. Hujautuma?"

Mchungaji Akilimali alifungua mdomo, akawaza, akaufunga. Watu sabini na watatu walimngoja. Aliyachungulia maneno yote mawili, ndiyo na hapana, yote yakamtisha.

"Sijatuma," alisema mwishowe.

"Basi tuhesabu watu."

Kamati ikajaribu kusema karatasi hakuna. Mama Généreuse akachukua ratiba za ibada, akazikata vipande vinne vinne kwa mkasi wa shule ya Jumapili. Sanduku la kura hakuna. Methodi akaingia jikoni akatoka na sufuria kubwa la pilau, lile la Tumpe lenye sikio moja, limeoshwa sasa hivi. Alama ya mstari, ibaki. Alama ya msalaba, iunganishwe. Wengine wakasema si vizuri msalaba kuwa kura ya kupinga kanisani, wakataka mduara, na jambo hilo peke yake likachukua dakika ishirini mpaka mduara ukapita. Demokrasia haina haraka ikiwa na chakula.

Kura zikapigwa. Mchungaji akazitoa moja moja, akizionyesha juu kama mkate wa ushirika, na Methodi akachora chaki ubaoni kwa mtindo wa ghalani, mistari minne na mmoja wa kuikata. Wakafika mwisho. Kubaki, arobaini na mbili. Kuunganisha, thelathini na moja.

Shangwe zikaanza, vigelegele vikatoka kwa akina mama wa Kongo. Godson, ambaye muda wote alikuwa amesimama pembeni bila chai, akasema kwa sauti ndogo, "Hizo ni sabini na tatu."

Methodi alitazama ubao. Akajumlisha. Kijana alikuwa sahihi.

"Unaona, mzee," Godson alisema, si kwa ubaya. "Mkono nao unakosea."

"Ndiyo maana tunarudia."

Wakarudia. Kura zikarudishwa mezani, zikageuzwa, zikahesabiwa na mtu mwingine, Mama Chepkoech. Sabini na tatu. Yapo mambo ambayo mtu angeweza kuyaacha yalivyo, hasa ukiwa umeshinda kwa kumi na moja. Mchungaji alikwisha kuanza kufumba macho kwa ajili ya sala. Methodi akalichukua sufuria, akalipeleka dirishani penye mwanga, akaingiza mkono. Chini kabisa, penye maji ambayo hayakukauka, kikaratasi kilikuwa kimegandana na bati. Akakibandua kwa ukucha. Kilikuwa na mduara.

Angeweza kukimeza. Alikiinua juu, kila mtu akakiona, akaenda ubaoni akaongeza mstari upande wa wabaya wake.

"Thelathini na mbili," alisema. "Sasa mzigo umetimia. Lori litoke."

Godson aliandika matokeo kwa kalamu. Mama Généreuse akampa chai, imepoa, na Godson alipouliza kama hakuna sukari, watu watatu walimjibu kwa pamoja, "Ndiyo, hakuna," na safari hii naye akacheka.

Jumapili iliyofuata Methodi alifika saa saba na nusu. Alipanga viti sabini na vinne, maana alikuwa mjinga wa matumaini licha ya umri wake. Akafuta meza. Akaweka vitabu vya nyimbo. Saa nane ikagonga.

Walikuja kumi na mmoja.

Alihesabu akiwa amesimama mlangoni. Kumi na mmoja, na yeye ndani yake. Watu arobaini na wawili walikuwa wamepigania haki ya Kiswahili kwa jasho na mkasi, na thelathini na mmoja kati yao sasa wako nyumbani wakiifurahia haki hiyo wakiwa wamelala. Mama Généreuse alileta udhuru wa kila mmoja kama karani: huyu shifti, huyu mafua, huyu mtoto ana mpira. Mchungaji Akilimali akasema Bwana haangalii idadi. Methodi akajibu kwamba mwenye ukumbi anaangalia, na mwenye karate pia.

Akaketi, kiti cha tatu kutoka dirishani. Alikuwa na hasira, lakini hakuwa na mkubwa wa kumlaumu. Hilo lilimkera kuliko yote. Hii kura ilihesabiwa vizuri, mara mbili, kwa mkono, mbele ya macho yake mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Godson, bila shati la pasi, na fulana tu, nywele zimelowa mvua. Yeye mduara wake ulijulikana kwa wote. Alishika kitasa, akachungulia viti vitupu, asijue kama amekuja kuomba radhi au kuhakikisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hamjaanza?"

"Ndiyo," alisema Methodi.

Godson alisimama pale pale, akilitafuna neno lile mdomoni, akilipima kama ni la kumkaribisha au kumfukuza. Kisha akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

Methodi akainua kidole, akaanzia dirishani, akahesabu tena.